Tukatembee Burigi, Turudi na Afya Zetu

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ijumbi, wilaya ya Muleba, kabla ya ziara yao ya siku moja hifadhini)



Mwalimu wenu wa klabu ameniambia kwamba mwezi ujao mnakwenda kutembea Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, siku moja, kwenda na kurudi. Nimesikia pia kuna waliouliza, "Sasa mtu wa afya anatujia wa nini? Sisi tunakwenda kutembea, hatuendi hospitali." Swali hilo ni zuri. Nimekuja ili hiyo safari isiwapeleke hospitali baadaye, labda miezi miwili baadaye, wakati hata mmeshasahau kwamba mlitembea.

Kwanza niseme wazi: nendeni. Wengi wetu tunamjua twiga kwa kumwona kwenye kalenda, wakati hifadhi iko hapahapa mkoani kwetu. Burigi-Chato ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Kabla ya hapo yalikuwa mapori matatu ya akiba: Biharamulo, Burigi na Kimisi. Yalipounganishwa ikapatikana hifadhi yenye kilometa za mraba 4,707, na sehemu yake imo ndani ya wilaya yetu ya Muleba. Waulizeni wazazi wenu habari za mapori hayo. Watawasimulia enzi za ujambazi, basi zilipokuwa zikivuka pori zikisindikizwa na polisi. Leo vijana wa sekondari wanapanga kwenda huko na vyakula vyao kwenye vikapu. Ni jambo la kujivunia.

Mtaona Ziwa Burigi. Mtaona viboko, na mkibahatika mtaona tembo na nyati. Baadhi yenu mmependekeza basi likitoka hapo liendelee hadi Ngara, mkaone maporomoko ya Rusumo. Maporomoko hayo ni mazuri kweli. Mto Kagera unaporomoka pale kama mita 15, mpakani kabisa mwa Tanzania na Rwanda. Lakini ushauri wangu ni kwamba hiyo iwe safari nyingine. Kuyaunganisha yote kwa siku moja maana yake ni dereva aliyechoka, barabarani, usiku. Ajali hazina kinga ya sindano.

Sasa basi, tuzungumzie maji.

Nikiwauliza, "Ziwani mnaogopa nini?" mtaniambia mamba na kiboko. Ni sawa, waogopeni. Kiboko anakula majani tu, lakini ukisimama kati yake na maji ataona umemfungia mlango wa nyumba yake. Mamba ndiye usiyemwona mpaka amekukaribia. Kaeni na askari wa hifadhi, fuateni anachosema, na msisogee ukingoni bila yeye. Hapo hatuna ubishi.

Ila yupo mnyama mwingine, mdogo kiasi kwamba huwezi kumwona kwa macho. Huyo haungurumi wala haumi. Utatoka majini unacheka, utapanda basi unaimba, na kumbe umeshambeba. Nazungumzia kichocho.

Wengi mmekisoma kwenye baiolojia kwa ajili ya mtihani. Leo tukisome kwa ajili ya miili yetu. Mwaka 1851 daktari Mjerumani aitwaye Theodor Bilharz, akifanya kazi Cairo, aligundua minyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti. Ndiyo maana vitabu vingine huuita ugonjwa huu bilhazia. Hapa Tanzania tunazo aina mbili. Kuna kichocho cha mkojo, ambacho mtu hukojoa damu. Na kuna kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimezoeleka zaidi huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria.

Kinaanzaje? Hapa naomba tusione haya, maana haya ndiyo inayokilea. Mtu mwenye kichocho cha tumbo anajisaidia haja kubwa karibu na maji, au mvua inasomba kinyesi chake kukipeleka majini. Ndani ya kinyesi kile mna mayai. Yakigusa maji baridi ya ziwa yanaanguliwa, na vijidudu vinavyotoka vinamtafuta konokono wa majini. Wakishaingia ndani ya konokono wanaongezeka, mpaka konokono mmoja anaweza kutoa maelfu ya vijidudu vipya. Hawa wapya ndio wanaomtafuta binadamu. Hutoka kwa wingi wakati jua limewaka, yaani mchana, saa zilezile ambazo ninyi mtakuwa mnasikia joto na maji yanawaita. Wanapenya ngozi nzima isiyo na kidonda wala mchubuko, na dakika chache zinawatosha.

Halafu? Pengine utawashwa kidogo siku hiyo. Baada ya wiki kadhaa unaweza kupata homa na kikohozi, ukadhani ni malaria. Minyoo inakua, inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, inataga. Tumbo linauma, choo kina damu, mtoto anachoka darasani na mwalimu anamwita mvivu. Mtu akikaa nayo miaka mingi bila tiba, ini na bandama vinavimba, tumbo linajaa maji, na wengine hutapika damu. Nadhani mmewahi kuona watu wazima wenye matumbo makubwa huko visiwani na mialoni, na mmesikia watu wakisema wamerogwa. Si wote ni kichocho, lakini wapo ambao ni kichocho, na walihitaji vidonge tangu wakiwa na umri wenu.

Kwa macho huwezi kujua maji gani yana kichocho. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na yakawa nayo. Konokono wanapenda maji yaliyotulia, yenye majani na matete ukingoni, mahali hasa ambapo mtu angependa kukaa akatumbukiza miguu. Hata kwenye maporomoko, maji yanayokwenda kasi hayawafai konokono, lakini vidimbwi vilivyotulia pembeni vinaweza kuwafaa. Kwa hiyo kanuni yetu ni moja na ni fupi: tunatazama, tunapiga picha, hatuingii majini. Hata miguu.

Sasa nigeuze swali. Tumesema kichocho kinampata mtu kutoka majini. Je, majini kilipelekwa na nani? Si kiboko. Kinapelekwa na sisi binadamu. Ninyi mtakuwa wanafunzi 40, labda 50, wa kutoka mkoa wenye ugonjwa huu. Inawezekana kabisa wapo kati yetu hapa wenye kichocho bila kujua. Basi likisimama kando ya ziwa na kila mtu akakimbilia kichakani, mtaondoka mmeacha zawadi. Mtoto wa mvuvi atakayechota maji baada ya miezi ndiye atakayeipokea, na wala hatajua iliachwa na wanafunzi wa Ijumbi waliokuja kutalii.

Kwa hiyo suala la choo lipangwe kabla ya kuondoka, kama mnavyopanga chakula. Walimu, naomba muulize mapema vyoo viko wapi njiani na hifadhini. Basi lisimame penye choo, hata kama dereva ana haraka. Ikitokea dharura, askari aonyeshe mahali salama mbali na maji, uchimbe shimo kwa jembe dogo, kisha ufukie. Bebeni hilo jembe. Mkinicheka leo, mtanishukuru siku hiyo.

Na hapa niseme na dada zangu, kaka zangu nao wasikie. Nawajua wasichana ambao siku ya safari hawanywi maji tangu asubuhi ili wasihitaji choo. Hiyo si sawa. Utaumwa kichwa, utaishiwa nguvu juani, na kubana mkojo kila mara kunaweza kuleta maambukizo ya njia ya mkojo. Wengine wanaacha safari kabisa kwa sababu zile siku zao zimeangukia hapo. Dada yangu, hedhi si ugonjwa. Beba pedi za kutosha au vitambaa safi, mfuko wa kuwekea vilivyotumika, sabuni, na kanga. Mwalimu wa kike awepo kwenye basi. Ninyi wavulana, basi likisimamishwa kwa ajili ya wasichana, hakuna la kuzomea hapo.

Twende kwenye maporomoko, maana najua mwaka kesho mtafika Rusumo. Mawe ya karibu na maporomoko yana utelezi kwa sababu ya ukungu wa maji na majani yanayoota juu yake. Ndala hazifai, vaeni viatu vinavyoshika chini. Msipande mawe ili kupiga picha. Chini ya maporomoko maji huzunguka na kuvuta, na hata muogeleaji hodari anaweza kushindwa kutoka. Tena maji yanaweza kupanda ghafla hapo ulipo pasipo mvua, kwa sababu imenyesha mbali, juu mtoni.

Mto ni hivyo, unaleta ya juu kuyapeleka chini. Watu wa mkoa huu hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, miili ya waliouawa ilipita Rusumo ikichukuliwa na Mto Kagera mpaka Ziwa Victoria, na watu wa pwani za ziwa waliacha kula samaki kwa hofu. Mkisimama pale darajani, simameni kwa heshima. Mkumbuke pia kwamba maji mnayoyaona yanapita yana watu wanaoyasubiri mbele.

Kuhusu kuzama, familia nyingi za Kagera bado zina kidonda cha MV Bukoba, meli iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakafa. Mkialikwa kupanda mtumbwi au boti, kila mmoja avae jaketi la kujiokolea na alifunge. Kama hayatoshi, hampandi. Na mwenzako akianguka majini, usimrukie, maana mtu anayezama atakushika mkazame wawili. Piga kelele, mtupie kamba, mnyooshee mti mrefu, au mtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko alishike. Hata kanga mbili zilizofungwa pamoja zimewahi kuvuta mtu.

Yako mambo mengine mawili ya porini. La kwanza ni mbung'o, wengine huita ndorobo. Huyu anaweza kuambukiza malale, na hakuna chanjo yake. Mbung'o anavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa tazameni sketi na masweta mliyovaa hapa! Siku ya safari, Mkuu wa Shule akikubali, vaeni nguo nzito za rangi ya khaki au kijani iliyofifia, mikono mirefu, suruali ndefu. Mbung'o hufuata gari linalotembea, kwa hiyo fungeni madirisha mkiwa porini. Ukiumwa naye usipaniki, wengi hawana vimelea. Lakini kikitokea kidonda kilichovimba pale alipouma, au homa na kichwa kuuma ndani ya wiki chache, nenda kituo cha afya na useme, "Nilikuwa hifadhini." Maneno hayo mawili yatamsaidia mganga asiishie kwenye malaria.

La pili ni mapango. Penye miamba na maporomoko huwa kuna mapango, na kwenye mapango kuna popo. Mkoa wetu umepata homa ya Marburg mara mbili: Bukoba Vijijini mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025. Popo wanaokula matunda na kukaa mapangoni wanaweza kuwa na virusi hivyo bila wenyewe kuugua. Jirani zetu Uganda, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, kuna pango ambalo watalii walikuwa wakiingia. Mtalii mmoja kutoka Marekani aliyelitembelea mwishoni mwa 2007 aliugua akapona, na mwingine kutoka Uholanzi aliyelitembelea mwaka 2008 alifariki. Walikuwa wametembea tu, kama ninyi. Kwa hiyo hatuingii pangoni, hatuokoti popo, na mnyama tuliyemkuta amekufa hatumgusi.

Nimebakiza jambo moja, na kwangu ndilo gumu kuliko yote niliyosema. Haya yote mmeyasikia na mmeyaelewa. Lakini siku yenyewe ikifika, saa saba mchana, jua kali, atatokea mmoja atavua viatu aingie majini mpaka magotini, aseme, "Mbona mimi sijafa? Njooni, acheni uoga!" Kumi watamfuata. Hawatamfuata kwa kutojua, watamfuata kwa kuogopa kuchekwa. Hapo ndipo elimu ya afya inapotupotea. Kijana anayeshindwa kusema "siingii" mbele ya ziwa, atashindwa pia atakapopewa sigara, au rubisi, au akishawishiwa kufanya mapenzi ambayo hakuyataka. Ni ulimi uleule.

Ushauri wangu: msiende mmoja mmoja. Chagua rafiki leo, kabla ya safari, mkubaliane: "Mimi na wewe hatuingii majini." Wawili wakisimama ukingoni wanacheka na kula senene wao, yule mwenye kelele atajiona mpweke, atatoka mwenyewe.

MASWALI YALIYOULIZWA

Dada, je, nikiingia majini halafu nikajifuta haraka kwa taulo?

Kama umerushiwa maji kwa bahati mbaya, jifute haraka na kwa nguvu, inaweza kusaidia kiasi. Lakini usiifanye kuwa kinga. Vijidudu vinaanza kupenya ungali majini.

Tukiwa na kiu tunaweza kunywa maji ya ziwa yaliyochujwa kwa kitambaa?

Hapana. Kitambaa kinazuia takataka tu, hakizuii vimelea vya kipindupindu wala vya kuhara. Bebeni maji yaliyochemshwa kutoka nyumbani, angalau lita mbili kila mtu.

Mimi nimeogelea Ziwa Victoria tangu utotoni. Nifanyeje?

Usiogope na usione aibu. Nenda zahanati au kituo cha afya, omba kupimwa choo na mkojo. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na ndiyo ileile inayogawiwa mashuleni. Humezwa baada ya kula ili isikuchafue tumbo. Inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaweza kuiponyoka. Kwa hiyo aliyeingia majini juzi apimwe baada ya wiki sita hadi nane.

Wengine wanasema zile dawa za shuleni zinaondoa uzazi.

Nimelisikia hilo katika shule nyingi. Si kweli. Anayemeza akiwa na minyoo mingi anaweza kuumwa tumbo au kusikia kizunguzungu kwa muda, na hapo ndipo maneno huanzia. Kinachoweza kuharibu uzazi ni kichocho chenyewe, hasa cha mkojo, kwa sababu mayai yake yanaweza kukaa kwenye via vya uzazi vya mwanamke yasipotibiwa.

Ukipona, unaweza kukipata tena?

Ndiyo, ukirudi majini. Dawa si chanjo.

VYA KUBEBA

Maji yaliyochemshwa. Chakula kilichopikwa siku hiyohiyo, pamoja na vikavu kama karanga na senene. Sabuni. Kofia au kanga ya jua. Viatu vya kufunika mguu. Pedi. Sanduku la huduma ya kwanza. Jembe dogo. Mfuko wa taka, na taka zote zirudi nazo Ijumbi. Mwenye pumu au kifafa abebe dawa zake na mwalimu ajue. Andikeni pia namba ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu, na isikae kwa mwalimu mmoja tu.

Vijana wenzangu, mkirudi salama niandikieni, mniambie mmeona nini. Na kama kuna atakayeniandikia kwamba waliingia majini, nami nitamjibu bila kumgombeza, nimwambie tarehe ya kwenda kupima.

Safari njema.